SOMO LA VIKUNDI: TRENI YA WATU WA KAZI – INAVYOENDA, NA KWA NINI WAKATI MWINGINE INAKUFA



Somo la leo ni juu ya gari la moshi. Siyo lile la safari ndefu, la kulala ndani mpaka Mombasa. Ni lile dogo la kila siku, linalobeba watu asubuhi kutoka mitaa ya pembeni hadi mjini, na jioni kuwarudisha nyumbani. Mtu anaweza kusema, "Sisi ni watu wa Bukura, hayo ya treni ya mjini yanatuhusu nini?" Yanatuhusu mara tatu. Kwanza, watoto wetu wengi wako Nairobi, na nauli inakula mshahara kabla haujafika nyumbani. Pili, Butere ni jirani zetu, na Butere ndiko reli inakoishia. Tatu, vikundi vingi vina mali ya pamoja, na matatizo ya treni yanafanana sana na matatizo ya mali ya kikundi. Someni polepole, kisha mjadili maswali yaliyo mwisho.

1. ASILI YAKE

Reli yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na Desemba 1901 ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi likavutwa kutoka Kisumu, kupitia Maseno, Luanda na Yala, hadi Butere. Ni karibu kilomita 70. Wazee wanakumbuka akina mama wakipanda na ndizi, mboga na kuku kwenda kuuza Kisumu. Ile haikuwa treni ya matajiri, ilikuwa treni ya soko.

Nairobi nayo ilizaliwa na reli. Muthurwa na Makongeni ilikuwa mitaa ya wafanyakazi wa reli, na wazee wengi wa Magharibi walianzia maisha ya mjini huko. Mji ulipokua, watu wakasukumwa mbali zaidi na kazi zao. Ndiyo sababu kuna treni za abiria wa kila siku kutoka stesheni kuu kwenda upande wa Ruiru, Embakasi, Syokimau, na Kikuyu kupitia Kibera. Stesheni mpya ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012. Mwaka 2020 serikali ilileta treni nyingine, zilizokuwa zimetumika Hispania.

Jirani zetu wamefanya vivyo hivyo. Dar es Salaam walianza treni ya mjini Oktoba 2012, wakitumia reli zilizokuwepo tayari. Watu waliiita "treni ya Mwakyembe", kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Kampala nao walianza yao ya kwenda Namanve Desemba 2015. Funzo la kwanza ni hili: hawakungoja mpaka kila kitu kiwe kipya. Walianza na kile kilichokuwa mkononi.

2. INAFANYAJE KAZI?

Gurudumu la treni ni chuma, na reli ni chuma. Chuma juu ya chuma huteleza kwa urahisi, kwa hiyo injini moja inaweza kuvuta uzito ambao malori mengi yangeshindwa. Tuseme treni ina mabehewa 8, na kila behewa lina watu 100. Hao ni watu 800. Kwa matatu ya abiria 14, mngehitaji matatu 58! Fikirieni matatu 58 zikipigania barabara moja saa kumi na mbili asubuhi.

Lakini njia mara nyingi ni moja tu. Treni mbili zikikutana, moja lazima ingoje stesheni kwenye njia ya pembeni mpaka nyingine ipite. Kwa hivyo treni moja ikichelewa, inachelewesha na ya pili, na ya tatu. Matatu huondoka ikijaa, lakini treni huondoka saa yake ikifika. Hapo ndipo ilipo nguvu yake. Abiria akiamini saa, atapanga maisha yake kwa hiyo saa. Imani hiyo ikivunjika, anarudi steji.

Ndiyo maana mji unapenda treni yenye sehemu ya dereva mbele na nyuma. Ikifika mwisho wa njia, dereva anahamia upande wa pili na kurudi. Hakuna kupoteza muda kuzungusha injini.

3. HESABU YA NAULI

Hapa tutulie kidogo, kwa maana watu wengi husema, "Treni inajaa kila asubuhi, pesa zinakwenda wapi?" Tufanye hesabu ya mfano tu, siyo nauli ya kweli.

Asubuhi treni inaingia mjini na watu 800, kila mmoja analipa shilingi 50. Hizo ni 40,000. Inarudi kuchukua wengine, lakini saa hiyo ni nani anayetoka mjini? Watu 60 tu, yaani 3,000. Jumla ni 43,000. Sasa tuseme kila mwendo mmoja unagharimu 30,000 kwa mafuta, mishahara na matengenezo. Miendo miwili ni 60,000. Kuna pengo la 17,000, na treni ilijaa mpaka watu wakasimama!

Mwingine atasema, "Pandisheni nauli iwe 75." Kwenye karatasi ni sawa: watu 860 mara 75 ni 64,500, pengo limezibika. Lakini watu si karatasi. Wakiondoka watu 300 wa asubuhi, wengine wakarudi kwa matatu na wengine wakatembea kwa miguu, wanabaki 560. Mara 75 ni 42,000. Kumbe mmepandisha nauli na mmepata pesa kidogo kuliko kwanza! Na walioachwa nje ni wale maskini zaidi.

Mnaona mfano wetu hapa kijijini? Vikundi vingi vina hema na viti vya kukodisha. Ijumaa na Jumamosi vinatakiwa kila boma, kwa mazishi na harusi. Jumatatu mpaka Alhamisi vimelala stoo. Hata hivyo panya wanakula turubai siku zote saba, na kodi ya stoo haipungui. Treni ni hivyo hivyo. Inajaa asubuhi na jioni, mchana imesimama, lakini inagharimu siku nzima.

4. PENGO ANALIPA NANI?

Miji mingi ya dunia imeona kwamba nauli ya abiria peke yake haitoshi kuendesha treni za aina hii. Kwa hiyo pesa ya umma huingia. Si sadaka. Hata mtu asiyepanda treni anafaidika: barabara inapungua magari, bidhaa zinafika mapema, na mgonjwa kwenye ambulensi anapata njia.

Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1883 kuzilazimu kampuni za reli ziwe na treni za bei nafuu kwa wafanyakazi. India, treni ya kwanza ya abiria ilitoka Bombay kwenda Thane mwaka 1853. Leo mji huo, unaoitwa Mumbai, hubeba mamilioni ya watu kila siku kwa treni, na nauli yao ni ya chini sana.

Basi tukisikia pesa ya kodi imewekwa kwenye treni, swali la raia siyo "kwa nini?" tu. Swali ni: je, treni inakwenda kwa saa, inabeba watu wa kawaida, na hesabu zake zinaonyeshwa?

5. TRENI HUFA VIPI?

Haifi siku moja. Hufa kama nyumba ya nyasi isiyoezekwa: leo tone moja, kesho mawili, halafu ukuta unaanguka.

Kwanza, matengenezo yanaahirishwa. Reli ikilegea, treni inaambiwa iende polepole. Ikienda polepole, abiria wanaiacha. Abiria wakiiacha, pesa za matengenezo zinapungua tena. Ni mzunguko. Tawi letu la Butere lilionja hayo. Kwa miaka mingi treni ya abiria ilisimama, majani yakaota katikati ya reli. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ya Kenya ulipewa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25, lakini mkataba huo ulikatizwa mwaka 2017. Baadaye njia ya Nakuru hadi Kisumu ilikarabatiwa, na Desemba 2021 treni ya abiria ya Nairobi–Kisumu ikarudi. (Anayetaka kusafiri aulize kwanza stesheni, maana ratiba hubadilika, hasa wakati wa mvua kubwa.)

Pili, wizi. Anayeng'oa chuma cha reli kuuza kama skrapu anapata pesa ya siku moja. Hasara ni ya maelfu. Afrika Kusini, wakati wa kufungiwa kwa ajili ya Korona mwaka 2020, nyaya za umeme na hata sehemu za stesheni zilibebwa, na njia nyingi zikabaki bila treni. Huko Cape Town familia zilijenga vibanda juu ya reli yenyewe. Kuirudisha treni kulichukua miaka. Waliopata taabu ni wafanyakazi wa mitaa ya mbali, ambao nauli ya teksi iliwala mshahara.

Tatu, hasira. Januari 2008, baada ya uchaguzi, reli ya Kibera iling'olewa. Walioumia si wakubwa. Ni mizigo ya huku Magharibi na Uganda iliyokwama, na bei zikapanda mpaka dukani kijijini.

6. ARDHI YA RELI – HAPA TUWE MACHO

Pande zote mbili za reli kuna ukanda wa ardhi ya shirika la reli. Nyasi zikiota miaka kumi, mtu anadhani imekuwa ya mwenyewe. Haijawa.

Mapema mwaka 2004 watu waliojenga kando ya reli Kibera walipewa notisi ya kuondoka. Kulikuwa na kilio kikubwa. Baada ya mazungumzo marefu, ukafanywa mpango wa kuhesabu watu na kuwajengea makao na vibanda vingine, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Waliohesabiwa walikuwa na la kusema. Asiye kwenye orodha hakuwa na pa kushika.

Sasa chukueni mfano. Kikundi kimechanga 60,000 kujenga kibanda cha mboga karibu na stesheni. Anakuja mtu anasema, "Hapa ni pangu, nipeni 20,000 nitawaandikia." Msitoe! Ardhi ya reli haiuzwi na mtu wa njiani. Nendeni ofisi ya shirika la reli, mwombe kibali au kodi kwa maandishi, mlipe kwa risiti ya ofisi. Mkinyimwa, jengeni kwingine. Kibanda kisicho na karatasi kinaweza kubomolewa asubuhi moja, pamoja na jasho la akina mama thelathini.

Na jambo la pili. Kuna mipango ya kuendeleza reli mpya kutoka Naivasha kwenda Kisumu mpaka Malaba. Reli inapopita kwenye shamba la mtu, katiba ya 2010 inasema alipwe fidia ya haki, na kwa haraka. Lakini atalipwa nani, kama hati bado ina jina la babu aliyekufa zamani? Hapo ndugu huanza kugombana na mjane kusukumwa pembeni. Fanyeni urithi wa mashamba mapema, kabla pesa haijanukia. Hata reli isipokuja, mtakuwa mmejisaidia.

7. USALAMA

Kule kuteleza kwa chuma juu ya chuma tulikokusifu kuna upande wake mbaya. Treni yenye mwendo haisimami haraka. Dereva akikuona, anaweza kuhitaji mamia ya mita kusimama, na hawezi kukukwepa. Oktoba 2013 basi lililokuwa likivuka reli Nairobi liligongwa na treni ya abiria, na zaidi ya watu 10 wakafariki.

Kwa hiyo:
– Kwenye kivuko, simama, tazama pande zote mbili, sikiliza, ndipo uvuke. Ukiwa kwenye bodaboda mwambie dereva asimame. Usione haya.
– Usianike mahindi wala kufunga mbuzi kwenye reli, hata kama treni haijapita mwaka mzima. Siku itakayopita haitapiga hodi.
– Watoto wasicheze hapo, wala wasiweke mawe juu ya reli.
– Usipande wala kushuka treni ikitembea.

8. KIKUNDI KIFANYE NINI?

(a) Mali yenu iwe na fungu la matengenezo. Kila mnapokodisha hema, toeni sehemu kabla ya kugawana. Mkila yote leo, mtarudi kuchanga upya kesho.
(b) Mkiwa na soko la Luanda au Kisumu, linganisheni nauli zote: treni ikiwepo, matatu, au kukodi gari moja pamoja. Andikeni mizigo na gharama kwa mwezi mmoja.
(c) Kunapoitwa mkutano wa hadhara juu ya barabara au reli, tumeni watu wawili, mmoja wao mama, na waje na ripoti.
(d) Mkiona chuma cha reli kinang'olewa, mwambieni chifu au polisi. Msinunue chuma hicho.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mali gani ya kikundi chetu inafanya kazi siku chache lakini inagharimu siku zote? Pengo lake tunaliziba vipi?
2. Tukipandisha bei ya kukodisha, ni nani atakayeachwa nje?
3. Ni wangapi kati yetu wanaolima shamba ambalo hati yake bado ina jina la marehemu? Tuanze na nani?
4. Kama treni ya Butere ingepita kila asubuhi kwa saa yake, tungeuza nini, na wapi?

Mwandishi wa kikundi aandike majibu kwenye kitabu cha mikutano. Swali la 3 lisiachwe juu juu: kabla ya kufunga mkutano, chagueni familia moja itakayoanza, na tarehe ya kwenda ofisi ya ardhi.