SOMO LA AFYA: Tumbo Limeshiba, Mwili Una Njaa



Mwaka 2009 askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu, Waganda na Warundi, walianza kuvimba miguu, kuhema, na mioyo kuwaenda mbio. Hadi kufikia tarehe 1 Mei 2010 walikuwa wameugua askari 241, na wanne kati yao walifariki. Zaidi ya 50 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Madaktari walitafuta vijidudu na sumu, wasione kitu. Wakagundua kwamba ugonjwa uliwashika hasa wale waliokula chakula cha jeshi peke yake, bila kuongeza chakula cha pale mjini. Wagonjwa walipopewa vitamini B1, yaani thiamini, walipata nafuu upesi. Ugonjwa ulikuwa beriberi.

Askari hao walikuwa wakila. Basi walipungukiwa nini?

Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli ni kama kiwanda kidogo. Kuni zake ni sukari itokayo katika posho, wali au matoke. Wafanyakazi wake ni vimeng'enya. Lakini vimeng'enya vingi haviwezi kazi mikono mitupu, kama vile fundi asivyoweza kufungua mashine bila spana. Spana hiyo huitwa koenzaimu, na mwili huunda koenzaimu nyingi kutokana na vitamini za jamii ya B.

Thiamini ikikosekana, sukari huvunjwa nusu tu. Haiingii katika tanuri la seli, bali hugeuka kuwa asidi ya laktiki. Kuni zipo, moto haupo. Moyo na mishipa ya fahamu, ambavyo havina likizo, ndivyo huumia kwanza. Moyo ukishindwa kazi, maji hujaa miguuni.

Akiba ya thiamini mwilini ni ya wiki chache tu. Tena, kadiri mtu anavyokula wanga mwingi, ndivyo anavyohitaji thiamini zaidi. Mchele au mahindi yakikobolewa sana, sehemu kubwa ya thiamini huondoka pamoja na pumba. Pombe nayo huzuia mwili kuipokea.

Thiamini hupatikana katika maharagwe, karanga, mtama, nyama na unga usiokobolewa. Maji yaliyochemshia maharagwe yafanyeni mchuzi, kwa sababu thiamini huyeyukia humo.

Kuvimba miguu kuna sababu nyingi. Mwenye dalili hizi aende zahanati, asinunue vidonge kwa kubahatisha.

Kwa hiyo, kamati ya tawi inapozungumza na mwajiri juu ya chakula cha kazini, isiulize kilo tu. Iulize posho inaliwa na nini.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Kwa nini mtu aliyeshiba anaweza kukosa nguvu?
2. Chakula chetu cha kazini kina maharagwe au karanga mara ngapi kwa wiki?
3. Unga tunaopewa umekobolewa?