Himma ya Mwenye Kujifunza Kufundisha Ufundi



Katika darasa letu la Makongeni, Thika, tumeulizwa suali ambalo tumeona afadhali kulijibu kwa maandishi, kwani latuhusu wengi. Aliyeuliza ni kijana fundi wa magari. Mchana yuko gereji, na usiku husomea stashahada ya ualimu wa ufundi. Alisema: "Maalim, kazi yangu naijua. Watu huniletea gari zilizowashinda wengine. Lakini haya ya kuandika maandalio ya masomo na maazimio ya kazi yamenichosha, na zoezi langu la kufundisha halikwenda vyema. Karo ya muhula ujao nikiipata, naona bora ninunue vyombo vya kazi. Je, nikiacha nitakuwa nimekosa?"

Suali hili lina mambo mawili ndani yake. La kwanza, masomo haya yana faida gani kwa mtu aliyekwisha kuwa fundi? La pili, akiiona faida, atadumu nayo vipi? Twaanza na la kwanza, kwani mtu hawezi kudumu katika jambo asiloiona faida yake.

KUJUA SI KUFUNDISHA

Tulimwomba kijana atueleze namna ya kutoa hewa katika breki. Alijibu upesi: "Mmoja anapiga pedeli, mwingine anafungua skrubu, hewa inatoka, basi." Maneno hayo si ya uongo, lakini mwanagenzi akiyafuata hivyo ataharibu. Mwenye kukanyaga pedeli yampasa aishikilie chini. Mwenzake afungue skrubu, mafuta na hewa vitoke. Kisha aifunge kabla pedeli haijaachiliwa. Ikiachiliwa kabla ya kufungwa, hewa hunyonywa ikarudi ndani. Tena chombo cha mafuta ya breki kisiachwe kikauka, kwani hewa itaingia kwa huko juu.

Kijana anayajua yote haya, lakini yamekaa mikononi, hayajafika ulimini. Na mwanafunzi hufunzwa kwa ulimi na kwa mikono pamoja. Sasa tazama khatari yake: mwanafunzi aliyefunzwa nusu huitoa gari gerejini, nayo ikashika barabara ya Garissa imejaa watu, na breki ina hewa. Andalio la somo ndilo linalomlazimisha mwalimu kujiuliza: mwanafunzi wangu ataweza kufanya nini mwisho wa somo? Hatua ni zipi, na kwa nini hii itangulie ile? Nitajuaje kuwa ameelewa? Basi karatasi ile iliyomchosha kijana wetu ni ulinzi wa roho za watu.

WALIOTUTANGULIA

Wazee wetu waliujua uzito wa jambo hili. Mwaka 1951 kilifunguliwa Mombasa chuo kilichojulikana kwa jina la MIOME, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki wapate elimu ya ufundi. Walichangia Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, na jamaa wa Bohora. Chuo hicho kilikua hatua kwa hatua, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Lakini majengo na mitambo hununuliwa kwa fedha. Mwalimu hanunuliwi dukani, hulelewa. Ndiyo sababu katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Kanada, iliweka Gigiri, Nairobi, chuo makhsusi cha kuwafunza walimu wa ufundi, ambacho leo chaitwa Kenya School of TVET. Na sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 yataka mkufunzi awe na sifa na leseni ndipo afundishe chuoni. Basi shahada hii si pambo la ukutani.

KWA NINI MOYO HUVUNJIKA

Sababu tumeziona tatu. Kwanza, bingwa amerudi kuwa mwanafunzi. Gerejini huitwa fundi, darasani hukosolewa, na nafsi haipendi hayo. Pili, matunda yako mbali, hali gari ikitengenezwa ujira hupatikana jioni ile ile. Tatu, upweke, husoma peke yake usiku, na hapana amwulizaye amefika wapi.

DAWA YAKE

La kwanza, panga saa na mahali, usiseme tu "nitasoma". Mwaka 1999 Peter Gollwitzer, mwanachuoni wa elimu ya nafsi, alieleza kuwa mwenye kuazimia kwa namna ya "likiwa hili, nitafanya lile" hulitimiza azimio lake zaidi kuliko mwenye nia tupu. Basi sema: "Nikisha kusali Alfajiri, kabla ya kufungua gereji, nitaandika ukurasa mmoja."

La pili, soma kidogo kila siku. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijijaribu mwenyewe kwa kukariri, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: kujifunza kulikogawanywa siku kadha wa kadha hushika kuliko kulikosongwa siku moja. Wazee wetu walisema kwa ufupi zaidi: haba na haba hujaza kibaba.

La tatu, usitenge kazi na somo. Kila gari ingiayo gerejini ni somo lililokuja lenyewe. Unapofungua, mweleze mwanagenzi wako kila hatua na sababu yake. Jioni yaandike uliyomweleza, na pale alipokosea. Andalio umekwisha kulipata bila ya kulitafuta.

La nne, ukikosolewa, chukua kosa moja tu. Mwombe msimamizi wako akuonyeshe lililo zito zaidi, ulitengeneze hilo katika somo lifuatalo, kisha ndipo uende kwa jingine. Mwenye kutaka kuyatengeneza yote kwa siku moja hukata tamaa siku ile ile.

La tano, usiwe peke yako. Tafuta mwenzio wa kukusikiliza na kukuuliza kila juma umefika wapi.

Tena tuseme kweli: karo huenda ikakosekana, na hilo si aibu. Likitokea, nenda chuoni ukaulize kama waweza kuahirisha masomo kwa maandishi. Usipotee kimya kimya. Aliyeahirisha ana mlango wa kurudia. Aliyetoroka amejifungia mwenyewe.

MWISHO WA KHABARI

Tulimjibu kijana: vyombo vitaisaidia mikono yako miwili, nayo ni kheri, elimu ya kufundisha itasaidia mikono ya wengi ambao hujawaona. Wala hatukumlazimisha, khiari ni yake.

Jumamosi iliyofuata alikuja na chupa na mpira mwembamba, akatusomesha breki nusu saa. Mzee mmoja asiyepata kufungua gari maishani mwake alimwuliza: "Kwa nini ufunge kwanza?" Kijana alinyamaza, akafikiri, kisha akatuonyesha kwa mpira na maji jinsi hewa inavyonyonywa ikarudi. Sote tukaelewa. Hajamaliza masomo yake, na karo hajaitimiza. Lakini siku ile hakuuliza tena suali la kuacha.

MASUALI YA KUJIPIMA

1. Ni kazi gani waijua kwa mikono, na hujaweza kuieleza kwa ulimi?
2. Saa gani, na mahali gani, utasomea kesho?
3. Nani atakuuliza juma lijalo umefika wapi?

Wassalaam.