SOMO LETU: KUMZOEZA MWANAPUNDA



Jumapili moja baada ya ibada, kijana mmoja wa mtaa wetu alitungoja nje chini ya mkwaju. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Punda wangu mdogo ametimiza miaka mitatu. Nitamfunga mkokoteni kwa njia gani asije akaniumiza?" Tulimwitikia, tukampa maneno mawili matatu, lakini jibu la swali lile si la kusema mtu akiwa amesimama na Biblia mkononi. Tena tuliona haya kidogo, kwa sababu ambayo tutaieleza hapa chini. Basi tumeomba nafasi katika gazeti letu tujibu kwa njia ya somo.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Vitabu vingi juu ya kazi hii vimeandikwa kwa ajili ya farasi. Huku kwetu farasi ni wachache, kwani ndorobo na maradhi yamewashinda katika sehemu nyingi za nchi; farasi wetu ni punda. Wanyama hawa ni ndugu, na mengi yamfaayo mmoja yamfaa na mwingine. Lakini liko jambo moja wanalotofautiana, nalo limewaponza punda wengi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa, mara nyingi husimama. Asili yake ni nchi kavu za mawe za kaskazini-mashariki ya Afrika, na huko mwenye kukimbia ovyo huvunjika mguu. Kwa hiyo yeye husimama, huelekeza masikio, hutazama. Mtu akimwona hivyo humwita mkaidi na kuokota fimbo. Kumbe mnyama anauliza tu: kile ni kitu gani?

Tazameni pia macho yake. Yamekaa ubavuni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote isipokuwa mahali pawili: nyuma kabisa ya mkia, na mbele kabisa ya paji la uso. Mtu atokeaye nyuma bila kusema neno, kwake ametoka hewani.

Sasa tueleze ile haya yetu. Tulipostaafu kazi ya kufundisha walimu, tulinunua punda dume wa kuteka maji, mwaka 2018. Alikuwa kijana bado. Tulimfunga kamba shingoni, tukamtwika madebe siku ile ile, na aliposimama njiani tukampiga matakoni. Akaenda. Kesho yake tukampiga tena, akaenda tena. Tukasema kazi imekwisha, punda amejua. Kwa muda wa miezi mingi maji yalifika nyumbani, na majirani walitusifu. Halafu asubuhi moja mjukuu wetu, mwenye umri wa miaka saba, alipita nyuma ya punda yule akikimbilia mpira. Hakuwa na fimbo, hakuwa na neno baya. Lakini punda alikuwa amejifunza kwetu kwamba kinachokuja kwa nyuma kinaleta maumivu. Alirusha teke, mkono wa mtoto ukavunjika.

Hasira zilitupanda. Mwaka 2020 tulimwuza kwa wanunuzi waliokuwa wakizunguka vijijini kutafuta punda wa ngozi, ambazo huchemshwa na kutengenezwa dawa inayopendwa huko China. Twajua alikokwenda. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara hiyo kwa miaka 15, nasi tulifurahi kusikia. Lakini punda wetu alikuwa ameshakwenda, kwa kosa ambalo tulimfundisha sisi wenyewe.

Na hapa ndipo penye kutuchoma. Miaka zaidi ya thelathini tuliwafundisha walimu wanafunzi kwamba somo lianze na jambo linalojulikana ndipo liende kwa lisilojulikana, lianze na rahisi ndipo liende kwa gumu, na kwamba mtoto mwenye hofu hasikii. Tulikagua maandalio yao ya masomo kwa kalamu nyekundu. Punda tulimwingiza kazini bila andalio lolote.

Mambo haya si mageni. Mgiriki mmoja, Xenophon, askari na mwandishi, aliandika kitabu juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alishauri mwanafarasi azoezwe nyumbani aone kwamba chakula, maji na nafuu ya wadudu humjia kwa mkono wa mtu. Tena alikataza kabisa kumwendea farasi mtu akiwa na hasira. Naye Plutarch asimulia habari za Bucephalus, farasi aliyeletwa kwa mfalme Filipo wa Makedonia kwa bei ya talanta 13, akawashinda watumishi wote. Mwana wa mfalme, Alexander, alitambua kwamba farasi anaogopa kivuli chake mwenyewe. Akamgeuza uso kulikokuwa na jua, kivuli kikaenda nyuma, akampapasa mpaka akatulia, ndipo akampanda. Wenzake wote walikuwa wamemtazama farasi. Yeye alitazama kile alichokitazama farasi.

Basi, mwaka 2022 jike tuliyemnunua baadaye alizaa dume, nasi tukaanza upya. Tutaeleza hasa fundisho la kamba, maana mengine yote hukaa juu yake.

Mvike mwanapunda hatamu laini, mkiwa ndani ya ua, mama yake akiwa karibu. Simama ubavuni pake, si mbele. Vuta kamba kidogo sana, kisha usiongeze wala usipunguze, ngoja. Atasimama kama gogo. Ngoja tu. Mara utaona ameegemea mbele, au amesogeza ukwato mmoja kiasi cha upana wa kiganja. Papo hapo legeza kamba yote. Si baada ya kumsifu, si baada ya kuwaita watoto waje waone. Papo hapo. Mnyama hajifunzi katika kuvutwa, hujifunza katika kulegezewa. Lile alilokuwa akifanya wakati kamba ilipolegea ndilo atakalorudia. Ukichelewa kidogo umemfundisha neno jingine. Ukilegeza wakati anarudi nyuma, umemfundisha kurudi nyuma. Na ukivuta bila kulegeza kamwe, umemfundisha kwamba kumsikiliza mtu hakuna faida, naye ataufanya mdomo wake na shingo yake kuwa jiwe. Wako wengi wa namna hiyo barabarani.

Siku ya kwanza tulipata hatua mbili. Tukamfungua, tukaondoka. Jirani alicheka sana. Siku ya nne alitufuata mpaka langoni kwa kamba iliyolegea.

Akikufanyia vema, usimpigepige shingoni kama wafanyavyo watu kwa farasi katika sinema. Mkune kwa vidole pale singa zinapoishia, shingo inapokutana na mgongo. Hapo ndipo wao kwa wao hukunana kwa meno. Watafiti nchini Ufaransa walionyesha mwaka 1993 kwamba farasi akikunwa mahali hapo mapigo ya moyo wake hupungua. Kwa punda wetu hatuna kipimo, ila mdomo wa chini hulegea ukaning'inia, nasi twaridhika na hicho.

Kushika miguu, kuvaa matandiko na kuchukua shogi tupu tutapita upesi: kila kimoja kionyeshwe kwanza, kinuswe, kiguse bega, kiondolewe kabla hajashtuka. Mzigo wa kweli ungoje miaka mitatu. Minne ni bora zaidi, kwani mifupa bado inakua. Punda aweza kuishi miaka thelathini na zaidi akitunzwa, kwa hiyo mwaka mmoja wa kungoja si hasara.

Mkokoteni ndio aliouliza kijana wetu. Kinachomtisha punda hapo ni kelele imfuatayo kutoka mahali asipoona. Tufanye kama Alexander, tuibadili kelele mahali pake. Chukua tairi kuukuu, mtu mmoja alivute kwa kamba, na mwanapunda aongozwe nyuma yake kwa mbali. Kitu kinachomkimbia hakimtishi. Baada ya muda yeye mwenyewe atataka kukifikia na kukinusa. Siku nyingine tairi lipite ubavuni, kulia na kushoto. Likishakuwa si kitu kwake, ndipo livutwe nyuma yake, kamba ikiwa mkononi mwa mtu, haijafungwa mwilini mwake, ili akishtuka iachwe ianguke. Halafu atembee kando ya mkokoteni unaovutwa na punda mkubwa mtulivu. Mwenziwe akiwa hana wasiwasi, naye hupungukiwa wasiwasi. (Tumewahi kuwaza hivyo katika Jumapili ya Matawi. Marko asema mwanapunda yule hakupata kupandwa na mtu, na nguo zilitandikwa, na matawi, na makelele ya watu. Mathayo peke yake ndiye anayemtaja mama yake kuwa alikuwapo. Mwenye punda hasomi aya ile haraka.) Mwisho kabisa ndipo afungwe mkokoteni mtupu, watu wawili wakimwongoza, kwa mwendo wa kutoka mwembe mmoja hadi mwingine.

Kazi hii yote ilituchukua miezi mitano, robo saa kila asubuhi, na asubuhi tulizoamka na hasira hatukwenda kabisa. Tulirudi nyuma mara nyingi. Mara moja mfuko wa nailoni uliruka na upepo, tukapoteza majuma mawili.

Sasa anateka maji. Hapendi bado mashine ya kusaga. Tunamfikisha hatua ishirini hivi, anasimama, tunasimama naye. Masikio yakilegea tunageuka kurudi. Juzi zilikuwa hatua kumi na nne. Mjukuu wetu ameshakuwa kijana, na mkono ulipona vizuri, lakini hamsogelei punda. Hukaa juu ya kinu nje ya ua akitazama. Hatujamlazimisha. Juma lililopita alitupa ganda la ndizi ndani ya ua, punda akalichukua.

Kijana aliyetuuliza aje Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Amlete na mama yake punda, kama yupo, na kamba ya katani. Ya nailoni huchubua.