Kigegezi cha Bahari kwa Wasafiri wa Tanga na Pemba

Msomaji wa Tanga, ambaye huvuka bahari kwenda Pemba kuwatembelea wakwe zake, anauliza kama ipo njia ya kuzuia kichefuchefu na kutapika melini bila kumeza vidonge, kwa kuwa vidonge alivyowahi kutumia humlaza usingizi mzito hadi siku ya pili, na safari ijayo atafuatana na mtoto wa miaka minane anayehitaji kuangaliwa njiani. Njia ipo, ila sehemu kubwa ya kinga haimo katika kitu cha kula wala cha kunywa, bali imo katika mahali anapokaa abiria, katika kile anachokitazama, na katika saa anayoanza kujikinga, ambayo ni kabla chombo hakijang'oa nanga.

Kigegezi, yaani hali ya moyo kuchafuka na mdomo kujaa mate kabla ya kutapika, hudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa tumbo, lakini chanzo chake kiko kichwani. Ndani ya mfupa ulio nyuma ya kila sikio mna kiungo kidogo cha uwiano, ambacho kina mifereji mitatu ya nusuduara iliyojaa majimaji, inayotambua kila mzunguko wa kichwa, pamoja na vifuko viwili vyenye vijiwe vya chokaa vidogo mno, vinavyotambua kupanda, kushuka na kuinama. Habari za kiungo hiki hufika kwenye ubongo pamoja na habari za macho, za misuli na za nyayo, na mtu akiwa nchi kavu zote hukubaliana. Abiria anapoketi katika chumba cha meli kisicho na dirisha, macho humwarifu kwamba kuta na viti vimetulia, ilhali sikio la ndani linaarifu kwamba mwili mzima unapanda na kushuka, na ubongo unaposhindwa kuzipatanisha habari hizo, uso husawijika, jasho la baridi humtoka, miayo na mate humzidi, na mwisho hutapika. Maelezo haya yaliwekwa wazi na watafiti wa Uingereza James Reason na J. J. Brand katika kitabu chao cha mwaka 1975, lakini dalili ya ukweli wake ilikuwa imekwisha kuonekana tangu mwaka 1882, pale mwanasaikolojia wa Marekani William James alipoandika kwamba wengi miongoni mwa viziwi aliowachunguza hawakupatwa na kizunguzungu hata wakizungushwa, na tangu hapo imethibitika kwamba mtu ambaye viungo vyake vyote viwili vya uwiano vimekufa halewi bahari hata mawimbi yawe makubwa namna gani.

Inafuata kwamba kulewa bahari ni dalili ya mwili unaofanya kazi yake sawasawa, na wala si ulegevu wa moyo au ugeni wa pwani, kama baadhi ya watu wanavyowasema wenzao kwa kebehi bandarini. Jemadari wa bahari wa Uingereza, Horatio Nelson, aliyefariki vitani mwaka 1805, aliteseka kwa ugonjwa huu karibu maisha yake yote ya ubaharia. Wavuvi wa Sahare na Kigombe hawakuzaliwa na kinga. Ubongo wao umezoea mwendo wa bahari kwa kutoka kila siku, na hata wao wakikaa nchi kavu muda mrefu hupoteza sehemu ya mazoea hayo. Baharia mgeni huhitaji siku mbili au tatu mfululizo majini ili azoee, muda ambao abiria wa Pemba hana, kwa sababu safari yake huisha kabla ubongo haujajifunza chochote.

Si kila mtikisiko unaochafua moyo. Vipimo vilivyofanywa katika miaka ya 1970 vilionyesha kwamba mwendo unaoudhi zaidi ni ule wa polepole, ambapo mwili hupanda na kushuka mara moja katika kila sekunde tano hivi, ndiyo maana abiria wa bodaboda kwenye barabara ya makorongo huumia mgongo asitapike, ilhali wimbi pana linaloonekana la upole humlaza mtu hoi. Mkondo wa Pemba unatosha kabisa kuleta mwendo wa aina hiyo, kwa kuwa upana wake ni takriban kilomita 50 na kina chake hufikia mamia ya mita. Chombo kinapotoka Tanga hupita kwanza katika maji yaliyokingwa na miamba na visiwa, kikiwemo kisiwa cha Ulenge, na hapo abiria wengi hujiona wazima, hufungua vyakula na kutazama simu, hadi meli inapoipita miamba na kukutana na mawimbi ya mkondoni, wakati ambapo fursa ya kujikinga imeshapita. Tumbo lililoanza kuchafuka hupunguza kusukuma chakula kwenda chini, na kwa hiyo lolote linalomezwa baada ya hapo hukaa tumboni likisubiri kurudi.

Msafiri anayeweza kuchagua siku ya safari ana silaha kubwa kuliko tangawizi yote ya Muheza. Upepo wa kusi, unaoanza kuvuma mnamo Aprili na kupata nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, hutoka upande wa kusini na kusini-mashariki, hivyo meli inayoelekea Pemba hupigwa ubavuni na kwenda mrama, yaani kulala upande huu na upande ule. Kaskazi, ambayo huvuma kati ya Desemba na Machi, huijia meli kutoka upande wa mbele kushoto, na inapokutana na mkondo wa maji unaokwenda kaskazini, mawimbi husimama wima na kuwa mafupi. Kipindi cha tanga mbili, yaani majira ya upepo kugeuka, hasa kati ya Oktoba na Novemba, ndicho ambacho bahari huwa na utulivu zaidi, na katika siku yoyote ile asubuhi na mapema huwa na nafuu kuliko alasiri, kwa sababu upepo wa baharini huongezeka jua linapopanda. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa kwa ukanda wa pwani, na tahadhari hiyo inapotaja mawimbi yanayofikia mita 2 katika maeneo ya Tanga na Pemba, mtu anayelewa bahari na ambaye safari yake inaweza kungoja afadhali aahirishe. Lililo muhimu zaidi ni kwamba asikimbilie mashua ndogo ya Pangani au Kipumbwi kwa sababu tu inaondoka mapema, kwani chombo kidogo husukwasukwa zaidi, na usalama wa roho hutangulia utulivu wa tumbo.

Melini, kila kitu hutegemea mahali pa kukaa. Meli hucheza kama ubao wa kubembea wa watoto, ambao ncha zake hupanda na kushuka sana huku katikati pakisogea kidogo tu, na kwa sababu hiyo omo, yaani sehemu ya mbele kabisa, ni mahali pabaya kuliko pote ingawa pana upepo mzuri na watu wengi hupakimbilia. Mahali panapofaa ni katikati ya urefu wa meli, kwenye sitaha ya chini inayoruhusu kuona nje, mbali na moshi wa injini na harufu ya jikoni, na kiti kitazame kule meli inakokwenda. Anayelazimika kukaa ndani akae karibu na dirisha. Kanuni hii haibadiliki katika meli kubwa za kitalii, ambazo zina mapezi ya kupunguza mrama chini ya maji: chumba cha katikati na cha ghorofa ya chini ndicho kinachotikisika kidogo, hata kama cha juu chenye roshani kinauzwa kwa bei kubwa zaidi.

Baada ya kiti, yafuata macho. Upeo wa macho, yaani ule mstari ambapo bahari na mbingu hukutana, ndicho kitu pekee kinachoyapa macho habari inayolingana na habari ya sikio la ndani, na kwa hiyo kuutazama ni tiba halisi ambayo haigharimu kitu. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto inathibitisha jambo hili kila siku, kwani abiria wa viti vya nyuma huomba mifuko ya kutapikia ilhali dereva aliyepita kona zile zile hana habari, kwa kuwa yeye anaiona kona kabla haijafika na mwili wake unaitarajia. Abiria wa meli anaweza kujipa sehemu ya faida hiyo kwa kuyatazama mawimbi yanayokuja na kuuacha mwili uyafuate, badala ya kukaza misuli kuyapinga. Simu na kitabu, pamoja na shughuli ya kumtafutia mtoto nguo mkobani kichwa kikiwa kimeinama, ndivyo vinavyowaangusha watu wengi. Asiyeweza kuona nje na afumbe macho na kulala chali, kichwa kikiwa kimetulia, maana kufumba macho huondoa upande mmoja wa mgongano. Kupumua polepole na kwa mpangilio, akili ikiwa katika pumzi yenyewe, kumeonekana katika majaribio kumwongezea mtu uvumilivu, ingawa nguvu yake haifikii ya vidonge.

Desturi iliyoenea ya kusafiri na njaa ili tumbo lisipate cha kutapika haina msaada, na humwongezea mtu udhaifu na uchungu wa nyongo. Mlo mdogo usio na mafuta, kama mkate mkavu, viazi vya kuchemsha au uji mwepesi, uliwe saa moja au mbili kabla ya safari, na maji yanywewe kidogo kidogo. Samaki wa kukaanga, chapati za mafuta na maharage vingoje Pemba.

Tangawizi ndiyo dawa ya jikoni iliyochunguzwa zaidi. Mwaka 1988 watafiti wa Denmark waliwapa wanafunzi 80 wa jeshi la wanamaji tangawizi ya unga gramu 1 au unga usio na kitu, katika bahari iliyochafuka, na kwa waliopewa tangawizi kutapika na jasho la baridi vilipungua, ingawa kwa kichefuchefu chenyewe tofauti haikuwa ya kutegemewa. Majaribio mengine ya maabara, ambamo watu huzungushwa kitini, hayakuona faida. Hukumu ya haki ni kwamba tangawizi inasaidia baadhi ya watu, haina madhara kwa wengi, na inafaa kujaribiwa: nusu kijiko cha chai cha unga, au kipande kibichi cha ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa na kuchemshwa, kinywewe saa moja kabla ya kuondoka. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza, na mjamzito asipitishe kiasi cha kawaida cha chakula. Soda ya tangawizi ni sukari zaidi kuliko tangawizi. Ndimu inayonuswa au kunyonywa haina ushahidi wa namna hiyo, lakini huifunika harufu ya mafuta na ya matapishi ya jirani, na harufu hizo kweli huchochea kigegezi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwakataza wanaoipenda. Mikanda ya mkononi inayobana sehemu ya ndani ya kifundo imetoa matokeo yanayopingana, na haifai kutegemewa peke yake.

Mtoto wa miaka minane anahitaji uangalizi wa pekee, kwa sababu umri kati ya miaka 2 na 12 ndio unaolewa bahari zaidi, ilhali watoto wachanga ni nadra kupatwa. Mtoto ainuliwe kiti ili macho yake yavuke ukingo wa dirisha, atafutiwe mchezo wa kutazama mbali, kama kuhesabu madau au ndege, na asipewe simu hata akilia. Asiulizwe kila mara kama anataka kutapika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, wanafunzi wa jeshi la wanamaji la Israeli walioambiwa kwamba hawaelekei kulewa bahari walilewa kidogo kuliko wenzao, na kwa hiyo mzazi anayemhakikishia mtoto utulivu anampa kinga halisi. Akitapika mara kwa mara apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti za dukani, kwa vijiko vidogo.

Vidonge navyo si adui, na mfamasia anaweza kushauri aina isiyolaza sana kwa siku ambazo bahari ni mbaya. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, au mtu anayemeza dawa kila siku kwa kifafa au virusi vya UKIMWI, azungumze na kliniki yake kabla ya safari, kwa sababu dawa iliyotapikwa ni dawa ambayo haikumezwa. Kichefuchefu cha bahari huisha saa chache baada ya kushuka, hata kama nchi huonekana bado inayumba kwa siku moja au mbili. Kutapika kunakoendelea siku ya pili, au kunakoambatana na homa, kuumwa sana na kichwa, shingo kukakamaa, au sikio moja kuziba ghafla, kusihesabiwe kuwa ni bahari, na mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo katika kituo cha afya kilicho karibu, iwe Tanga au Pemba.