Aseniki: Kutapika Kukikoma, Hatari Haijakoma

Malalamiko yanayotufikia yanafanana mno. Mtu amekula au kunywa kitu kilichoingiwa na sumu, ametapika usiku kucha, asubuhi amepata nafuu kidogo na ndugu wakamrudisha nyumbani. Huyo hajapona. Tumelisema hili mikutanoni, tumelisema redioni, na leo tunaliandika ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Iko wapi

Aina ya aseniki inayojulikana zaidi ni poda nyeupe isiyo na harufu wala ladha. Ikichanganyika na unga au sukari, macho hayaitambui. Imo katika baadhi ya sumu za zamani za panya na wadudu. Zamani majosho mengi ya ng'ombe Afrika Mashariki yaliitumia kuua kupe, na kwa kuwa aseniki haiozi, udongo wa josho lililoachwa unaweza kuwa nayo hadi leo. Imo pia katika nguzo za kijani zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Msizichanje kuni! Moshi wake ni sumu, na majivu yake, ambayo kuna watu husugulia sufuria, yana sumu nyingi zaidi.

Inavyomshika mtu

Dalili huanza ndani ya dakika au saa chache. Tumbo linasokota, mtu anatapika, kisha anaharisha majimaji kama maji ya mchele, wakati mwingine yenye damu. Pumzi yake huweza kunuka kitunguu saumu. Wengi hudhani ni kipindupindu au chakula kilichochacha. Julai 1998 huko Wakayama, Japani, watu 67 waliugua baada ya kula kari kwenye sherehe ya mtaa, na 4 wakafa. Kwanza ilidhaniwa ni chakula kibovu, kisha sayanidi, ndipo aseniki ikagunduliwa.

Ndani ya mwili, aseniki huvishika vimeng'enya ambavyo seli huvitegemea kupata nguvu kutoka kwenye chakula. Seli zinaishiwa nguvu. Mishipa midogo ya damu inavuja maji, presha inashuka, figo zinashindwa kazi. Moyo unapiga ovyo na unaweza kusimama ghafla, hata kama mgonjwa ameacha kutapika na anaomba uji. Hapo ndipo ndugu wanapokosea. Miligramu 100 hadi 300 tu za poda hiyo zinaweza kumuua mtu mzima.

Anayenusurika naye asijisahau. Wiki moja hadi tatu baadaye huweza kuja ganzi na maumivu ya kuwaka kwenye nyayo na viganja, miguu ikaishiwa nguvu. Baadaye mistari myeupe hujitokeza kwenye kucha. Arudi kliniki, asiende kutafuta aliyemroga.

Mnachopaswa kufanya

Mpelekeni hospitali mara moja. Msimtapishe. Msimpe maziwa, mafuta wala mkaa wa jikoni. Semeni wazi mapokezi kwamba mnashuku sumu. Aibu na hofu ya polisi zimechelewesha wagonjwa wengi. Chukueni chombo au pakiti aliyotumia, mkiifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Hospitalini atawekewa dripu, atapimwa moyo na mkojo, na penye dawa za kuikamata aseniki na kuitoa mwilini, zinafaa zaidi zikianza mapema. Daktari ndiye atakayemruhusu, si shangazi wala mwenye gari.

Mambo ya bima na msamaha wa malipo yaulizwe kwa ofisa ustawi wa jamii, mgonjwa akiwa tayari kitandani.

Tunarudia: nafuu ya asubuhi si ruhusa ya kuondoka.

Poda iliyobaki nyumbani msiimwage chooni wala kisimani, na msiichome. Kuchemsha maji yaliyoingiwa nayo hakuiondoi. Funika ilipo, zuia watoto na kuku, nawa mikono kwa sabuni, kisha mwite ofisa afya wa kata.