Ufunguo wa Taarifa za Biashara Yako Unakaa kwa Nani?

Zipo biashara Mji Mkongwe, zikiwamo nyumba za wageni na maduka ya jumla, ambazo hazitunzi tena kumbukumbu zake katika kompyuta iliyo ofisini. Zimekodi seva pepe, yaani sehemu ya mashine kubwa ambayo programu maalumu imeigawa kwa wateja wengi, kila mmoja akiiona sehemu yake kama kompyuta kamili. Utaratibu huu ni nafuu, nasi hatuna sababu ya kuupinga. Lakini majina ya wageni, nakala za pasipoti na kumbukumbu za malipo zimo humo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji azilinde. Kwa upande wa Zanzibar, Sheria hiyo haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Hata hivyo, mgeni ambaye nakala ya pasipoti yake imevuja hatauliza mpaka huo uko wapi.

Kinga ya kwanza ni usimbaji, yaani kuzigeuza taarifa ziwe mchanganyiko usiosomeka bila ufunguo. Ufunguo wenyewe ni namba ndefu ya siri. Mbinu ya AES yenye ufunguo wa biti 256 haivunjiki kwa kubahatisha namba. Kwa hiyo mwizi mwenye akili hahangaiki na kufuli, bali hutafuta ufunguo ulikowekwa.

Hapo ndipo seva pepe inapotofautiana na kompyuta ya mezani. Mwizi wa kompyuta ya mezani huacha meza tupu. Seva pepe ni mafaili tu. Aliye na mamlaka juu ya mashine kubwa anaweza kuyanakili yote ilhali kazi inaendelea, na asubuhi mwenye biashara akakuta kila kitu mahali pake. Ikiwa nakala hiyo imechukua pia kumbukumbu ya muda ya seva, huenda imechukua na ufunguo uliokuwa ukitumika wakati huo. Kwa sababu hiyo tunashauri ufunguo usihifadhiwe ndani ya seva ile ile, bali katika huduma tofauti ya kutunza funguo, yenye nywila yake na orodha ya kila aliyeuomba. Mkataba ukimalizika, ufunguo uharibiwe. Nakala yoyote iliyosahaulika kwa mtoa huduma itabaki haisomeki.

Usimbaji hauzuii kila jambo. Karani akimpa tapeli nywila yake, seva itamfungulia tapeli kama inavyomfungulia karani.

Tena, ufunguo ukipotea, taarifa zimepotea pamoja nao, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Kisiwani hatari hii ina sura yake. Mwezi Mei 2008 umeme wa Unguja, unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, ulikatika kwa takriban mwezi mmoja. Ukakatika tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mei 2024, kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom kulidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Biashara yenye nakala rudufu ofisini, lakini ufunguo wake uko ng'ambo tu, siku kama hizo hubaki na sanduku lisilofunguka.

Basi pawepo nakala ya ufunguo isiyotegemea intaneti, katika kifaa kidogo cha kuhifadhia kilichotiwa ndani ya bahasha yenye lakiri, kwenye sefu ya jengo jingine. Si katika droo moja na nakala rudufu. Watu wawili wajue kilipo, ili mmoja akisafiri Pemba au akifariki, biashara isisimame. Kila baada ya miezi mitatu nakala rudufu ifunguliwe kwa ufunguo huo, mpaka orodha ya wageni isomeke kwenye skrini. Hatua hii ndiyo rahisi zaidi kuahirishwa. Mfanyakazi aliyeujua ufunguo akiacha kazi, ubadilishwe siku hiyo hiyo.

Kabla ya kutia saini, muulize mtoa huduma ni nani katika kampuni yake anayeweza kuuona ufunguo, na nakala za seva yako huwekwa nchi gani. Akijibu kwa mdomo, mwombe aandike.