Maili Kumi za Mwambao na Mapatano Yaliyozikata

Bismillahi Rahmani Rahim. Tumeulizwa katika darasa letu hapa Kathonzweni suala ambalo twaona lawafaa zaidi ndugu zetu wa pwani wausomao waraka huu. Muulizaji asema: ikiwa milki ya Sultani wa Unguja ilikoma maili 10 kutoka baharini, mbona katika kaunti hii ya Makueni, bara kabisa, kuna mji uitwao Sultan Hamud?

Jawabu ni fupi. Jina hilo ni la Sayyid Hamud bin Muhammad, aliyetawala Unguja tangu 1896 hata 1902, nalo lilipewa stesheni ya reli ya Mwingereza. Ni jina la heshima, si la milki. Lakini hizo maili 10 zenyewe zataka maelezo, kwani wengi wetu twazitaja na hatujui zilipimwa na nani.

Mwaka 1884 Carl Peters aliingia bara ya Mrima akiwatilisha machifu alama juu ya makaratasi wasiyoweza kuyasoma. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akayapa himaya yake. Sayyid Barghash bin Said akalalamika, na jawabu aliyoletewa Agosti ya mwaka huo ni manowari za Kijerumani kutia nanga mbele ya jumba lake. Kisha Uingereza, Ujerumani na Ufaransa zikatuma wajumbe watembee pwani wakiuliza: huku mwamtii Sultani, na utiifu huo wafika wapi? Mjumbe wa Uingereza alikuwa Kitchener, yule aliyekuja kupata sifa ya vita Sudani. Tutazame, ndugu zetu: mali ya mtu ilipimwa na wale walioitamani, kila mmoja na kamba yake.

Mwishowe, 1886, Mwingereza na Mjerumani wakapatana wao kwa wao. Sultani akaachiwa visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu. Ukanda wa pwani toka mto Minengani, karibu na Tungi, hata Kipini, upana wake maili 10 za bahari, kama kilomita 18 na nusu. Na kaskazini bandari za Kismayu, Barawa, Merka, Mogadishu na Warsheikh. Kilichobaki nyuma wakakigawanya kwa mstari ulioanzia Wanga, ukapita Ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, ukaenda hata Ziwa Nyanza. Ukambani wote, na Kathonzweni ndani yake, ukaangukia fungu la Mwingereza. Wala hakuna Mkamba aliyeulizwa. Barghash alikubali Desemba ya mwaka ule ule, kwani hakuwa na la kufanya.

Wako wasemao kwamba Sultani alinyang'anywa bara yote. Sisi twaona neno hilo lapita kiasi. Nguvu yake barani ilikuwa ya biashara zaidi kuliko ya hukumu, na huku Ukambani hata biashara haikuwa yake: Kivui wa Kitui alikuwa akipeleka misafara ya pembe pwani kwa watu wake mwenyewe kabla ya kuuawa kwake 1851, na hakuwa raia wa mtu.

Jambo linalouma zaidi ni la Witu. Ahmad Fumo Luti, aitwaye Simba, Mnabahani wa ukoo wa wafalme wa Pate, alikuwa na uhasama wa miaka mingi na Mabusaidi, naye alikimbilia Witu. Aprili 1885 aliwauzia ardhi ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, akaomba himaya ya Kaisari apate kinga juu ya Sultani, Mwislamu mwenzake. Himaya akaipata. Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Julai 1890, Mjerumani alitia sahihi mapatano ya kumwachia Mwingereza Witu, na badala yake akapata, pamoja na mengine, kisiwa kidogo cha Heligoland kilichoko bahari ya kwao. Simba alikwisha kufa, lakini watu wake waliamka wamehamishwa kama mzigo kutoka jahazi hii kwenda ile. Septemba wakaua Wajerumani kadhaa mjini mwao. Oktoba majeshi ya Mwingereza yakaja yakauchoma mji wa Witu.

Natuje kwenye fedha, maana hapo ndipo pa kusomea. Tangu 1887 pwani kati ya Umba na Kipini ilikuwa imekodishwa kwa kampani ya Mackinnon. Pwani ya kusini, upande wa Mrima, Mjerumani aliinunua kabisa katika mwaka wa 1890 kwa maki 4,000,000, yaani kama pauni 200,000. Fedha hizo zilikuwa za Sultani. Kampani ilipofilisika, 1895, ilitakiwa kulipwa pauni 250,000 ili iondoke: Serikali ya Uingereza ikatoa 50,000 tu, na zile 200,000 zikatoka katika fedha za Unguja. Basi thamani ya pwani iliyouzwa ndiyo iliyotumika kuikomboa pwani iliyosalia, na iliyosalia, kwa mapatano ya tarehe 14 Desemba 1895, akakabidhiwa Mwingereza aitawale kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, na juu yake pauni 6,000, ambazo ni 3 kwa mia ya zile 200,000. (Hizo 6,000 ni riba dhahiri, lakini hilo lina mlango wake katika fiqhi.) Bendera ya Sultani ikabaki juu ya Ngome ya Mombasa. Mwenye kushangaa kwa nini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandikiana deni na kushuhudizana, na aizingatie hesabu hii.

Bendera hiyo iliteremshwa Kenya ilipopata uhuru, Desemba 1963. Oktoba ya mwaka huo yaliandikwa mapatano kwamba maili 10 zitaungana na Kenya, na kwamba Waislamu watahifadhiwa dini yao na hukumu za makadhi wao. Ahadi ya makadhi ikaingia katika katiba, nayo imo leo katika kifungu cha 170 cha katiba ya 2010. Na kadhi siku hizi huhukumu hata nje ya ule mstari wa zamani, Nairobi na Garissa. Darasa lijalo, inshallah, tutakisoma kifungu hicho neno kwa neno, na kila ajaye aje na nakala yake.